Ufunguo wa admini wa Ceph unasomwa na kila yuza, bosi anasema diski zimeenkriptiwa tusihofu. Ni kweli?

kijana_wa_raki

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mwenzenu nimerithi klasta ya Ceph (seva nyingi zinazotunza data kama stoo moja) hapa ofisini Morogoro, seva 9, mon (programu zinazotunza ramani na funguo za klasta) ziko kwenye seva 3 kati ya hizo. Jamaa aliyeisimika aliondoka zamani na hakuacha hata karatasi moja ya maelezo, ninachojua ni kwamba ilisimikwa 2015 kwa ceph-deploy halafu ikawa inapandishwa toleo mdogomdogo mpaka leo iko Nautilus 14.2.22. Najua ni ya zamani msinipige mawe, bajeti ya kuhama imeshaombwa.

Sasa juzi nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa, nikapiga ls -l kwenye /etc/ceph nikakutana na hii:

`-rw-r--r-- 1 root root 63 May 12 2015 ceph.client.admin.keyring`

Nikahisi naona vibaya. Nikaingia na akaunti ya majaribio ambayo haina sudo wala nini, nikaandika `ceph -s`, ikanijibu kama vile inamjibu mwenye nyumba. Nikajaribu `ceph osd pool ls`, ikanipa mapooli yote, yaani mafungu yote ya data. Sikuthubutu kwenda mbele zaidi, mikono ilishaanza kutetemeka.

Nimemwambia bosi, kasema nisikuze mambo, diski zote zimeenkriptiwa na LUKS (enkripsheni ya diski ya Linux) kwa hiyo hata mtu akiingia hapati kitu. Mimi roho inakataa ila sina hoja ya kumjibu. Pia nimekuta kwenye konfigu jamaa ameweka mon_warn_on_insecure_global_id_reclaim_allowed = false, sijui maana yake, naogopa kuigusa.

Na la mwisho, kuna diski moja inaelekea kufa, dealer wa Dar amekubali kuibadilisha kwa waranti na bosi anataka itumwe wiki hii hii. Kwa kuwa zimeenkriptiwa niifunge tu kwenye boksi niitume au kuna kitu cha kufanya kwanza? Nawasilisha.

---

ngalawa

Pole mkuu, ila hukurogwa, hilo tundu lina namba yake kabisa na liliwafanya wengi hivyo hivyo. Namba zenyewe, za ile orodha ya matundu ya usalama iitwayo CVE, ni mbili, CVE-2015-3010 na CVE-2015-4053, zote za mwaka huo huo uliosimikiwa klasta yako.

Ilivyokuwa ni hivi. ceph-deploy kazi yake ilikuwa kukusimikia klasta kutoka mashine moja, inatengeneza ufunguo wa client.admin, yaani admini wa klasta, inauweka kwenye folda uliyosimama, halafu ukisema `ceph-deploy admin` inaukopi kwenda /etc/ceph ya seva unazozitaja. Sasa matoleo ya kabla ya 1.5.23 yalikuwa yanaliacha lile faili la kwenye folda likiwa na ruhusa ya 644, yaani kila mtu anasoma. Wakaziba. Watu wakashangilia, kumbe ile amri ya `admin` nayo ilikuwa inafanya kosa lile lile upande wa pili, huko kwenye /etc/ceph za seva nyingine, ikabidi wazibe tena kwenye 1.5.25. Yaani waliufunga mlango wa mbele wakasahau wa uani.

Na hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Kiraka cha ceph-deploy kinaizuia ceph-deploy isirudie kosa, hakirudi nyuma kukagua mafaili iliyoyaacha jana. Na kupandisha toleo la Ceph yenyewe hakuligusi lile faili, maana halimo kwenye pakeji, liliwekwa na mkono wa programu nyingine. Ndio maana umetoka enzi hizo mpaka Nautilus faili limekaa vile vile na tarehe yake ya Mei 2015, na ceph-deploy yenyewe ilishastaafishwa siku nyingi.

Fanya hivi leo kabla hujalala. Seva zote 9 piga `chmod 600 /etc/ceph/ceph.client.admin.keyring`. Halafu itafute mashine iliyotumika kusimika, mara nyingi ni mojawapo ya mon au laptopu ya jamaa (omba Mungu isiwe laptopu), nenda kwenye folda aliyokuwa anafanyia kazi. Utakuta humo kopi ya admin, kuna ceph.mon.keyring, kuna za bootstrap, zote zimelala hapo kwa raha zao. Hii inasaidia:

`find / -xdev -name '*.keyring' -perm -o=r 2>/dev/null`

Chmod inazuia kuanzia leo tu lakini. Miaka yote hiyo hujui nani alishasoma. Ufunguo wenyewe lazima ubadilishwe.

---

mtu_wa_upwa

Mnamtisha kijana bure. Hayo matundu ni ya mtu ambaye tayari yuko ndani ya seva, soma maelezo yake vizuri, yuza wa ndani. Sasa kwenye seva ya stoo nani ana akaunti zaidi ya admini mwenyewe? Kama adui ameshaingia mpaka ndani ya mashine yako una matatizo makubwa kuliko ruhusa ya faili moja. Piga chmod, endelea na maisha.

---

ngalawa

@mtu_wa_upwa mkuu hebu fungua /etc/passwd ya seva yako yoyote uhesabu. Ajenti wa monitaringi ana akaunti. Programu ya bakapu ina akaunti. Kama kuna kitu chochote cha wavuti kinakimbia hapo kina akaunti yake. Hao wote ni "yuza wa ndani" na hawajawahi kushika kibodi. Tundu dogo kwenye kimoja wapo linakuwa tundu la klasta nzima, maana client.admin hana mipaka, ana allow *, yaani ruhusa zote, kila upande. Tofauti ya kuvunjiwa zabbix ya monitaringi na kuvunjiwa data yote ni ile namba 644.

---

msee_wa_kisauni

Maze hii story imenikumbusha mbali. Nikiwa kampuni fulani hapa Mombasa, siitaji jina maana bado wananidai certificate ya clearance lol, tulikuwa na setapu kama hii tu. Tukaletewa kijana wa atachmenti, kijana mpoa sana, mchapakazi, tukampa akaunti ya kawaida kwa hosti mbili aangalie logi tu. Hana sudo. Sisi tukalala usingizi.

Kumbe huyo kijana alikuwa anapenda kujifunza, akaona hiyo faili inasomeka, akaikopi pamoja na ceph.conf akaenda nayo kwa laptopu yake afanye praktis jioni akiwa kwa VPN ya ofisi. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Laptopu ikaibiwa kwa matatu. Yeye mwenyewe ndiye alikuja kutuambia akilia, na hapo ndio tulijua faili ilikuwa wazi miaka yote.

Wikendi nzima tulikesha. Na mwenye anadhani ati mon_allow_pool_delete iko false kwa hivyo pooli haziwezi kufutwa, sahau, mwenye ana ufunguo wa admini anaiweka true kwa amri moja halafu anafuta. Ile kinga ni ya kukuzuia wewe mwenyewe usifanye makosa ukiwa na usingizi, si ya kuzuia mwizi.

Bahati hakuna kitu ilifanyika. Nafikiri mwenye aliiba aliiuza tu kwa mtu akaifuta. Lakini kulala tulilala ofisini.

---

Bi_Terminal

Nimechelewa kuingia, nilikuwa safarini. Mdogo wangu kijana_wa_raki, wengine wameshakujibu la ruhusa, ngoja nikae kwenye la bosi wako maana hapo ndipo penye shimo refu.

Kauli ya "diski zimeenkriptiwa kwa hiyo hapati kitu" inachanganya vitu viwili. LUKS inalinda diski ikiwa imezimwa, imechomolewa, iko mkononi mwa mtu. Klasta ikiwa inakimbia diski zimeshafunguliwa zote, OSD (programu inayosimamia kila diski ya data) inasoma data kama kawaida, na mtu mwenye client.admin akiomba data anapewa data, safi, imeshafunguliwa. Ni sawa na kuwa na sefu ya chuma nyumbani halafu mchana kutwa iko wazi kwa sababu unauza duka. Mwizi anayeingia dukani mchana hahitaji kuvunja sefu.

Hiyo moja. Ya pili ndiyo itamtoa bosi jasho. Muulize, funguo za LUKS zenyewe zinakaa wapi? Diski ya OSD ikiwaka hakuna mtu anayekuja kuandika neno la siri, seva inaanza yenyewe saa nane usiku umeme ukirudi. Basi ufunguo upo mahali mashine inaufikia. Zamani, kabla ya toleo la Jewel, ceph-disk, programu ya kuandaa diski za OSD, ilikuwa inaziweka kwenye /etc/ceph/dmcrypt-keys, seva ile ile, diski ya mfumo. Naweza kukubetia folda hiyo bado ipo kwako kama masalia. Baadaye wakabadilisha, sasa zinakaa ndani ya mon. Jaribu mwenyewe kwa ile akaunti yako isiyo na sudo, kama hujapiga chmod bado:

`ceph config-key ls | grep dm-crypt`

Utaona mstari kwa kila OSD, kitu kama dm-crypt/osd/namba-ndefu/luks. Ukibadilisha ls kwa get ukaweka jina lote, inakutemea ufunguo wa diski hiyo hapo hapo kwenye skrini. Usiipige mbele za watu.

Kwa hiyo ule ufunguo wa 644 ndio unaofungua kabati lenye funguo zote za LUKS. Miaka yote hiyo yuza yeyote wa ndani angeweza kuzichukua zote kwa kitanzi cha mistari mitatu. Mwambie bosi hivyo, kwa lugha hiyo hiyo, na kama mnatunza taarifa za wateja mkumbushe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwamba neno "tumeenkripti" halitamsaidia akiulizwa funguo zilikuwa wapi.

Mfumo wenyewe haukuundwa ovyo lakini. Kila OSD iliyotengenezwa na ceph-volume, mrithi wa ceph-disk, ina kiufunguo chake kidogo, client.osd-lockbox halafu ile namba ndefu ya OSD, na huyo ameruhusiwa kuomba ufunguo wake mmoja tu, wa jirani hapewi. Hicho kiufunguo kidogo kinakaa kwenye lebo za LVM za diski yenyewe, bila kufichwa, piga `lvs -o lv_tags` utakiona. Mtu akiiokota diski peke yake anapata kiufunguo kidogo lakini mon zako haziko kwake, hana wa kumwomba. Akiwa na diski na pia anafika kwenye mtandao wa mon, anaomba na anapewa. Ndio maana bandari 3300 na 6789 zisionekane na kila kompyuta ya ofisini, na ndio maana diski inayotoka lazima OSD yake ifutwe rasmi kwanza.

Kuhusu diski ya waranti: hiyo inayokufa ni ya OSD au ya mfumo? Hukusema.

---

mtu_wa_upwa

Hapo kwenye config-key umenipata dada. Nimejaribu kwenye maabara yangu, zimetoka zote. Nimekaa kimya.

---

kijana_wa_raki

Aisee. Nimesoma majibu yenu mara tatu, asanteni sana wakuu.

Ripoti fupi: seva 7 kati ya 9 zilikuwa 644, mbili za mwisho zilinunuliwa baadaye hizo ziko 600. Nimepiga chmod zote. Ile find ya ngalawa imenitolea folda kwenye seva ya mon ya kwanza, /home/ya jamaa/klasta-yangu, ndani kuna kila kitu ulichotaja pamoja na ceph.mon.keyring. Na dada Bi_Terminal umebeti ukashinda, dmcrypt-keys ipo, mafaili kibao, ila ruhusa yake iko 700.

Baada ya chmod grafu za monitaringi zote zimekufa. Ndio nikajua kumbe skripti yake ilikuwa inategemea ufunguo wa admini miaka yote. Dah.

Diski nitaangalia kesho, ni seva ya pili, nilipewa tu barua ya dealer sikuwepo siku imeonekana.

Sasa kubadilisha ufunguo wenyewe nafanyaje bila kujifungia nje? Na ile ya global_id?

---

ngalawa

Monitaringi usiirudishie admini tafadhali. Itengenezee wa kwake:

`ceph auth get-or-create client.grafu mon 'allow r' mgr 'allow r'`

Inatosha kwa ceph -s na ndugu zake.

Kubadilisha client.admin, kwanza ujue nani anautumia sasa hivi. Kwenye kila mon piga `ceph daemon mon.jina sessions` uone nani ameunganishwa kama client.admin na anatoka IP gani. Usishangae ukikuta mashine pepe zote zinaingia kwa huo huo, watu wavivu hufanya hivyo, na hao utawatengenezea wao kwanza wenye ruhusa ya pooli yao tu. Halafu tengeneza admini wa pili, client.admin2 mwenye allow * kote (mon, osd, mgr, mds), jaribu na `ceph -n client.admin2 -s` mpaka uone inajibu kwenye seva zaidi ya moja. Ukishajibiwa ndipo unatumia huyo wa pili kumfuta wa kwanza, `ceph auth del client.admin`, unamtengeneza upya, anapata ufunguo mpya. Hilo faili jipya liweke kwenye seva moja au mbili tu, si zote tisa, OSD hazilihitaji kabisa, zina zao. Mwisho unamfuta admin2. Usifanye Ijumaa.

Na usisahau bakapu. Kama mna skripti inayofunga /etc yote kila usiku na kuitupa kwenye NAS, ufunguo wako wa zamani uko humo mara mia tatu. Ndio sababu nyingine ya kubadilisha badala ya kukimbizana na kopi.

---

Bi_Terminal

Global_id nichukue mimi. Hiyo ni CVE-2021-20288, ilitangazwa Aprili 2021. Kifupi, mteja akiingia kwenye klasta anapewa namba yake, hiyo ndiyo global_id, na akikatika akirudi anaidai namba yake ile ile. Mon zilikuwa hazimlazimishi athibitishe kwamba ni kweli yake. Kwa hiyo mtu mwenye ufunguo wowote halali, hata wa yule mnyonge wa grafu, angeweza kudai namba ya mwingine akaleta vurugu. Kwenye Nautilus kiraka kilikuja na 14.2.20, wewe uko 14.2.22, kwa hiyo programu unayo. Ila kiraka kilikuja kikiwa kimelegezwa kwa makusudi ili wateja wa zamani wasikatike, wakaweka onyo la njano likukumbushe ukaze mwenyewe ukishawapandisha wote. Jamaa yako akaona onyo linamkera, akalizima onyo. Tatizo likabaki.

Rudisha onyo kwanza, angalia `ceph health detail`, itakutajia wateja ambao bado wanadai kizamani. Wapandishe hao toleo, na mashine pepe zinazotumia librbd (laibrari ya kufikia diski pepe za Ceph) lazima zizimwe na kuwashwa au zihamishwe hosti, maana inayokimbia bado imeshikilia laibrari ya zamani kwenye memori. Orodha ikiwa tupu:

`ceph config set mon auth_allow_insecure_global_id_reclaim false`

Ukikaza kabla ya hapo utakata watu na simu zitakuja kwako.

Mkishahamia toleo jipya kwa cephadm au mkichagua ceph-ansible, hizo programu nyingine za kusimika, msidhani ndio mmeokoka. ceph-ansible nayo ilishakutwa na pasiwedi za difolti zilizoandikwa ndani ya pleibuku, CVE-2020-1716, watu wanasimika wanaacha hivyo hivyo. Mwaka huo huo tena ikakutwa inaacha iscsi-gateway.conf inayosomwa na wote, CVE-2020-25677. Miaka 5 baada ya ceph-deploy, kosa ni lile lile la ruhusa ya faili. Ukiniuliza mimi, programu za kusimika zinaandikwa na mtu ambaye haja yake ni klasta iwake, ikiwaka anashangilia, nani ana habari ya ls -l. Na hesabu zenyewe za enkripsheni mara chache ndizo zinazovunjwa. Nakumbuka moja tu iliyogusa hapo, CVE-2021-3979, urefu wa ufunguo ulikuwa unapitishwa vibaya diski inapoenkriptiwa ikatoka na ufunguo dhaifu kuliko uliokusudiwa. Ukitaka kujua zako zikoje `cryptsetup luksDump` kwenye kila diski. Ya kutazama siku umetulia, si ya kukimbilia leo.

---

msee_wa_kisauni

Na kwa wire je? Kwa sababu sisi tulikuwa tumeambiwa ati LUKS inaenkripti kila kitu, kumbe kati ya seva na seva data ilikuwa inapita uchi.

---

Bi_Terminal

Kweli kabisa. Kwenye waya ni habari nyingine, LUKS haigusi. Kuanzia Nautilus kuna msgr2, itifaki ya mawasiliano ya Ceph, ile ya bandari 3300, ina modi mbili, crc na secure. Difolti kwa data ni crc, inakagua kama data imeharibika njiani lakini haifichi. Secure unaiwasha mwenyewe na utalipia kidogo kwa CPU.

---

mtu_wa_upwa

Nje ya mada kidogo, mnajua kwenye kodi (code) ya Ceph ile sehemu ya cephx, mfumo wake wa kuthibitisha watumiaji, IV (thamani ya kuanzia) ya enkripsheni ya AES ni maneno yaliyoandikwa moja kwa moja, "cephsageyudagreg"? Majina ya waliojenga, Sage, Yehuda na Greg, herufi 16 kamili. Nilipoiona nilicheka peke yangu saa saba usiku mke wangu akadhani naongea na mtu.

---

ngalawa

Hahaha hiyo ni kama fundi kuandika jina lake kwenye saruji mbichi.

---

kijana_wa_raki

Wakuu, kuna shida.

Nimeenda seva ya pili asubuhi hii. Diski iliyokuwa inakufa si ya OSD. Ni SSD ya mfumo, moja kati ya mbili za RAID 1. Na seva ya pili ni mon.

Nafasi yake iko wazi. Nimeuliza, bosi aliitoa mwenyewe jana jioni akaifunga akaituma kwa basi la alfajiri kwenda Dar kwa dealer. Anasema si ulisema imeenkriptiwa?? Mimi sikusema, yeye ndiye alisema.

Nimeangalia SSD iliyobaki, hakuna LUKS yoyote, ext4 tupu.

---

Bi_Terminal

Sikia, usipaniki ila fanya haraka. SSD za mfumo hazienkriptiwi na Ceph, LUKS ya Ceph ni ya OSD tu. RAID 1 maana yake hiyo moja ina kila kitu. Ndani yake kuna stoo nzima ya mon, na kila mon ina kopi kamili, si theluthi. Funguo zote za LUKS za diski zote za seva zote, funguo zote za cephx, client.admin akiwemo. Pamoja na dmcrypt-keys ya zamani. Kuita "inakufa" hakusaidii, SSD yenye sekta mbovu mia bado inasomeka sehemu nyingine zote.

Basi limefika wapi?

---

kijana_wa_raki

Limetoka saa 12 kasoro, kwa hesabu linaingia kituo cha Magufuli pale Mbezi muda wowote. Nimempigia konda, simu inaita haipokelewi. Nina binamu anakaa Kimara, nimemwambia apande bodaboda sasa hivi, nimemtumia picha ya risiti ya kifurushi na kitambulisho changu.

---

ngalawa

Piga pia ofisi ya basi wenyewe pale kituoni, si konda. Waambie kifurushi namba fulani kisitolewe kwa mtu mwingine yeyote, mpokeaji amebadilika. Huwa wanasikiliza ukitaja namba ya risiti.

---

msee_wa_kisauni

Tuko hapa tunangoja kama mpira wa fainali

---

kijana_wa_raki

Ofisi wamepokea. Wamesema kijana wa dealer alishafika anasubiri mizigo ishushwe.

---

kijana_wa_raki

Binamu amekipata. Amemkuta kijana wa dealer ameshakishika mkononi anasaini, wakabishana kidogo, ikabidi mimi niongee naye kwenye simu. Boksi halijafunguliwa, gundi ya bosi bado iko vile vile. Nimemwambia akae nacho nyumbani asimpe mtu hata kama anajitambulisha kwa jina langu, Jumamosi nakuja kuchukua mwenyewe.

Dealer anasema bila diski hakuna waranti. Bosi anauliza hiyo laki nne nani atalipa.

---

Bi_Terminal

Mwambie alipe. Dealer wengine wanakubali ubaki na diski mbovu ukilipia kidogo, uliza. Na funguo badilisha hata hivyo, zile za cephx kwanza maana hizo ndizo zinafanya kazi leo kwa mtu yeyote aliye kwenye mtandao wenu. Za LUKS utabadilisha kwa kujenga upya OSD moja moja, `ceph osd destroy` halafu ceph-volume na --dmcrypt, ukisubiri klasta ipone kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Ukiipa destroy inafuta na ufunguo wake wa LUKS kwenye mon, kwa hiyo hakikisha ni namba sahihi, ndio maana wanakulazimisha uandike --yes-i-really-mean-it kwa mkono.

Na hizo SSD mpya za mon zifunge LUKS kabla hujazirudisha kazini.

---

kijana_wa_raki

Sawa dada. Nimeshatengeneza client.admin2, imejibu. Kwenye sessions nimekuta mashine pepe 31 zinaingia kwa client.admin, kama ngalawa alivyosema. Naanza nazo kesho, leo ni Alhamisi, Ijumaa nitatengeneza funguo zao tu sitafuta kitu.